Mgombea binafsi anayerudi kila uchaguzi: anatafuta nini, na kura anayopewa huenda wapi?

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, naishi katika jimbo la Maine, Marekani, na nimepata uraia hivi karibuni. Jirani yetu, mzee mwenye heshima zake, amegombea udiwani mara mbili na Baraza la Wawakilishi la jimbo mara moja, zote akiwa mgombea binafsi, na zote ameshindwa. Sasa anautaka useneta wa jimbo na ameniletea fomu niitie sahihi. Wenzangu wananicheka kwamba nitaitupa kura yangu ya kwanza. Naomba kujua mtu wa namna hii anatafuta nini, kama yupo aliyewahi kufika popote kwa njia hiyo, na kama kweli kura yangu itapotea.

Jibu:

Ndugu msomaji, nianze na fomu, kwa kuwa ndiyo iliyo mkononi mwako na ndiyo rahisi kuijibu. Kuitia sahihi si ahadi ya kumpigia kura mwenye fomu. Unachokubali ni kwamba jina lake liwekwe kwenye karatasi ya kura, ili wapiga kura wengine wapate nafasi ya kumkubali au kumkataa. Katika Maine, mgombea asiye na chama anayetaka useneta wa jimbo huhitaji wadhamini 200 walioandikishwa kupiga kura katika eneo hilo la uchaguzi. Anayetaka Baraza la Wawakilishi la jimbo huhitaji 50, na anayetaka ugavana huhitaji 4,000. Ikiwa umejiandikisha na unaishi ndani ya eneo lake, sahihi yako ni halali. Ikiwa bado hujajiandikisha, itakatwa na karani wakati wa kuhakiki, na mzee atakuwa amepoteza mstari mmoja wa fomu.

Idadi hizo ni ndogo, na udogo wake ni sehemu ya jibu la swali lako, maana si kila jimbo la Marekani lenye ukarimu huo. Sheria za kumwingiza mgombea kwenye karatasi ya kura hutungwa na kila jimbo peke yake. Georgia, kwa sheria iliyoanzia mwaka 1943, iliweka sharti la sahihi za asilimia 5 ya wapiga kura walioandikishwa, na Mahakama Kuu ya Marekani ililibariki sharti hilo mwaka 1971 katika shauri la Jenness dhidi ya Fortson. Yapo pia majimbo, kama Alabama na Indiana, ambako mpiga kura anaweza kutia alama moja tu juu ya jina la chama na wagombea wote wa chama hicho wakahesabiwa kura yake, hivyo kwamba asiye na chama hana hata nafasi ya kutazamwa. Jirani yako angezaliwa Georgia, yaelekea usingemjua kama mgombea. Angekuwa mzee anayelalamikia kodi barazani kwake.

Nafahamu kwa nini jambo hili linakushangaza zaidi wewe uliyetoka Kigoma. Tanzania haina mgombea binafsi, na si kwa sababu hakuna aliyedai. Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka suala hilo mahakamani tangu mwanzoni mwa mfumo wa vyama vingi. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 1994 na tena mwaka 2006, Bunge likabadilisha Katiba kuziba njia, Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ikasema uamuzi ni wa Bunge, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ikaamua kwamba sharti la kuwa mwanachama wa chama linavunja haki za raia. Sharti hilo bado lipo. Kwa hiyo mtu aliyekulia kwetu amezoea kuamini kwamba asiye na chama hana shughuli na uchaguzi, na anapomwona mzee akizunguka na makaratasi yake peke yake humdhania kuwa na lake jambo. Kenya, ambako Katiba ya 2010 inamruhusu mgombea wa namna hiyo mradi asiwe mwanachama wa chama kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi, watu wamekwisha kuzoea, ingawa wengi wanaowaona ni wale waliokosa tiketi katika mchujo wa chama chao wakaamua kutoka.

Tofauti hiyo inafaa kuwekwa wazi kabla sijaenda mbele. Aliyekosa tiketi ni mwanachama aliyekasirika. Anagombea nje mara moja, akishinda hurudi ndani. Joe Moakley wa Boston alishindwa katika mchujo wa chama cha Democratic mwaka 1970, akagombea ubunge wa taifa akiwa nje ya chama mwaka 1972, akashinda, kisha akakaa bungeni kama mwana-Democratic kwa karibu miaka thelathini. Majimbo mengi ya Marekani yametunga sheria za kumzuia mtu wa aina hii, kwa kumkataza aliyeshindwa katika mchujo asijitokeze tena katika uchaguzi uleule. Jirani yako, kwa maelezo yako, ni aina nyingine: hajawahi kuwa na chama cha kukosana nacho, na anarudi. Hao wanaorudi ndio ninaotaka tuwajadili.

Je, yupo aliyefika popote? Yupo, na hakutoka mbali na kwenu. Jimbo la Vermont, ambalo limetenganishwa na Maine na New Hampshire peke yake, ndilo lililomlea Bernie Sanders, ambaye leo dunia nzima inamfahamu kama seneta na mgombea wa urais, lakini ambaye kwa miaka kumi mfululizo alikuwa mtu wa kuchekwa kama anavyochekwa mzee wako. Nitaieleza safari yake kwa kirefu, kwa sababu matokeo yake ya kura, yakisomwa mmoja baada ya mwingine, yanafundisha zaidi kuliko nadharia yoyote ninayoweza kukupa.

Sanders, mzaliwa wa Brooklyn, alihamia Vermont mwaka 1968. Mwanzoni mwa 1972 uliitishwa uchaguzi mdogo wa kujaza kiti cha seneta wa taifa aliyefariki, naye akajitokeza kwa tiketi ya chama kidogo kilichoitwa Liberty Union, kilichozaliwa katika upinzani wa Vita vya Vietnam. Alipata kura 1,571, yaani kama asilimia 2. Novemba mwaka huohuo aligombea ugavana akapata asilimia 1. Mwaka 1974 alirudi kwenye useneta, akapata asilimia 4. Mwaka 1976 aligombea tena ugavana akapata asilimia 6. Mwaka uliofuata akakiacha chama. Kwa uaminifu lazima niseme kwamba katika majaribio hayo manne hakuwa mgombea binafsi kwa maana ya sheria; lakini chama chenyewe kilikuwa kidogo kiasi kwamba hakikumpa fedha, wala ofisi, wala kura za wazoefu wa kuchagua kwa nembo, na kwa hiyo hali yake haikutofautiana sana na ya jirani yako.

Mtu mwenye kutazama kwa haraka angesema: asilimia 2, 1, 4, 6, basi anapanda, avumilie tu. Mimi sidhani kuvumilia ndiko kulikomtoa. Kwa mwendo ule angehitaji maisha mawili kufika popote. Kilichomtoa ni kwamba mtu mmoja aliyasoma matokeo kwa jicho jingine. Rafiki yake Richard Sugarman, mwalimu wa masomo ya dini katika Chuo Kikuu cha Vermont, alimwonyesha mgawanyo wa kura zake za ugavana za 1976 kata kwa kata katika mji wa Burlington. Jimbo zima lilikuwa limemkataa, lakini katika kata za wafanyakazi na wapangaji wa mji huo alikuwa amefanya vizuri kuliko wastani wake wa jimbo kwa mbali. Ushauri wa Sugarman ukawa kwamba aache kutafuta Vermont yote agombee umeya wa Burlington. Kwa mtu aliyekuwa amezoea kuhutubia juu ya mabenki na vita, kuambiwa akagombee ofisi inayoshughulika na kuondoa theluji barabarani kulihitaji unyenyekevu, na nadhani huo ndio uamuzi mgumu kuliko yote aliyoufanya.

Burlington ndio mji mkubwa kuliko yote ya Vermont, lakini wakati ule ulikuwa na wakazi wasiofika 40,000. Meya aliyekuwa madarakani, Gordon Paquette wa chama cha Democratic, alikuwa amekaa vipindi vitano vya miaka miwili miwili, na alikuwa na uhakika wa kushinda hata chama cha Republican hakikuona haja ya kumsimamishia mpinzani. Alikuwa pia amependekeza kodi ya majengo ipandishwe, na kulikuwa na mpango wa kujenga majengo ya wenye fedha kando ya ziwa Champlain. Sanders, safari hii bila chama chochote, alipita nyumba kwa nyumba katika kata zilezile ambazo karatasi za 1976 zilikuwa zimemwonyesha. Alizungumza juu ya kodi ya nyumba, juu ya wapangaji waliohofia kufukuzwa, na juu ya ufukwe kuwa mali ya wote. Chama cha wafanyakazi cha polisi wa mji kikatangaza kumuunga mkono, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kwa mjamaa mwenye nywele timtimu. Mfanyabiashara mmoja wa mgahawa, ambaye naye alitoka upande wa Democratic, aligombea kivyake akachota kura zaidi ya 1,000, ambazo wengi wanaamini zingemwendea Paquette. Tarehe 3 Machi 1981 kura zilipigwa, zikahesabiwa, zikahesabiwa upya, na Sanders akawa meya kwa tofauti ya kura 10.

Ningependa usimame kidogo kwenye kura hizo 10. Wanaompenda Sanders huzisimulia kama ushahidi kwamba kila kura ina thamani, na ni kweli. Lakini kwa mchambuzi zinasema pia kwamba ushindi ule ulikuwa na bahati kubwa ndani yake. Kama Republican wangesimamisha mtu, kama mwenye mgahawa angebaki jikoni kwake, kama meya asingegusa kodi mwaka wa uchaguzi, tusingekuwa tunamzungumza mtu huyu leo. Kurudi mara kwa mara hakumpi mgombea ushindi. Kunamweka mahali ambapo bahati ikipita itamkuta tayari ana jina linalofahamika, ana watu waliokwisha kufanya naye kazi, na anajua milango ipi ya kugonga. Ndiyo maana siwezi kukuambia kwamba mzee wako ni Sanders mwingine. Kwa kila Sanders mmoja wapo mamia waliorudi na kurudi na hawakukutana na bahati hata siku moja.

Baada ya kushinda ndipo ugumu wa kuwa peke yako ulipojitokeza. Baraza la mji lilikuwa na wajumbe 13, na waliokuwa upande wa meya mpya walikuwa wawili tu. Waliosalia waliwakataa watu aliowateua kushika idara, wakamlazimisha kuendesha mji na maofisa wa mtangulizi wake na kundi la watu wa kujitolea. Kimsingi walikuwa wanasubiri miaka miwili ipite wamwondoe. Hapa ndipo mgombea binafsi mara nyingi huishia: anaingia ofisini, hapitishi chochote, na wapiga kura wanahitimisha kwamba hawezi kazi. Sanders na wenzake walijibu kwa kusimamisha wagombea wa baraza katika uchaguzi wa 1982, na waliomuunga mkono wakafika watano. Watano hawatoshi kupitisha sheria mbele ya wanane, lakini wanatosha kuilinda kura ya turufu ya meya, yaani uwezo wake wa kukataa maamuzi ya baraza, isipinduliwe, na kuanzia hapo wapinzani walilazimika kukaa naye mezani. Kundi lile baadaye likawa chama kamili, Vermont Progressive Party, ambacho hadi leo kina viti katika bunge la jimbo. Ingawa, na hili huwachekesha wanafunzi, Sanders mwenyewe hakujiunga nacho.

Alishinda tena 1983, 1985 na 1987. Mwaka 1984 mji uliweka mtaji wa kuanzisha mfuko wa ardhi wa jamii, ambao humiliki kiwanja huku mkazi akimiliki nyumba, ili bei isimshinde mnunuzi wa kipato kidogo anayefuata; mfuko huo umekua na mifano yake imeigwa na miji mingine. Ufukwe wa ziwa ukawa bustani ya watu wote. Haya nayataja kwa sababu ndiyo yaliyobadilisha jibu la swali lililokuwa likimfuata kila mahali, yaani asiye na chama anaweza kufanya nini.

Hata hivyo, mwaka 1986, akiwa meya mwenye sifa, alipogombea ugavana wa Vermont alipata asilimia 14 tu na kuwa wa tatu. Gavana Madeleine Kunin hakufikisha nusu ya kura, na kwa kuwa Katiba ya Vermont inataka mshindi apate zaidi ya nusu, ilibidi bunge la jimbo ndilo limchague Januari iliyofuata. Mwaka 1988 Sanders aligombea kiti pekee cha Vermont katika Baraza la Wawakilishi la taifa. Mgombea wa Republican, Peter Smith, alishinda kwa asilimia 41, Sanders akapata karibu 38, na yule wa Democratic akaambulia 19. Tazama jambo lililotokea hapo: kwa miaka kumi na sita Democratic walikuwa wakimwambia kwamba anawagawia kura na kuwapa Republican ushindi, na sasa hesabu zilionyesha kwamba aliyegawa kura ni wao. Mwaka 1990 mgombea wao alipata asilimia 3, na Sanders akaingia Washington kwa asilimia 56. Tangu wakati huo chama hicho, katika Vermont, kimekuwa kikimwachia njia.

Kwa hiyo mtu anayerudi anatafuta nini? Wengine wanatafuta kusikiwa tu. Kampeni ndio wakati pekee ambapo gazeti la mji litalazimika kuchapisha maoni ya mtu wa kawaida juu ya mfereji wa maji machafu, na yapo mabaraza yaliyorekebisha mambo kwa kuogopa mdomo wa mgombea ambaye walijua hawezi kushinda. Wengine wanajenga taratibu, kama nilivyoeleza. Na wengine, tusifichane, wamezoea. Jina lao kwenye karatasi ya kura limekuwa sehemu ya maisha yao, na wangeshinda wangeshtuka kuliko mtu yeyote. Kwa nje aina hizi zinafanana kabisa. Kinachozitenganisha ni kilichobaki baada ya kushindwa: je, mara ya pili watu wa kumsaidia walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, au ni yeye na mkewe walewale? Je, anajua ni mtaa upi ulimpa kura, na amerudi huko bila fomu mkononi?

Mzee wako ana jambo moja linalonitia shaka, nami nalisema kwa heshima. Amegombea udiwani akashindwa, akapanda Baraza la Wawakilishi akashindwa, sasa anapanda Seneti, ambayo eneo lake ni kubwa zaidi. Sanders alifanikiwa aliposhuka. Mtu anayepanda ngazi kila anaposhindwa ni kama mvuvi anayeongeza umbali wa safari ilhali mtumbwi ni uleule unaovuja. Huenda ana sababu nzuri, pengine kiti cha seneta kiko wazi safari hii, lakini ni haki yako kumuuliza sababu hiyo ni ipi.

Maine yenyewe ina mifano inayoweza kukupa kipimo kingine, kwa kuwa ni miongoni mwa majimbo machache ambako magavana wasio na chama wamepatikana zaidi ya mara moja. James Longley alishinda mwaka 1974. Angus King, ambaye alikuwa anajulikana majumbani kwa kuendesha vipindi vya mazungumzo kwenye televisheni ya umma, alishinda mwaka 1994 kwa asilimia 35 tu, akiwashinda gavana wa zamani wa Democratic na Susan Collins wa Republican, kisha mwaka 1998 akapata karibu asilimia 59. Leo ni seneta wa Maine, bado bila chama. Wawili hao hawakuhitaji kurudi mara nyingi, maana waliingia wakiwa na jina au fedha au vyote viwili. Kinyume chao ni Eliot Cutler. Mwaka 2010 alikaribia ugavana, akapata karibu asilimia 36 nyuma ya Paul LePage wa Republican aliyepata chini ya 38. Mwaka 2014 alirudi, na watu wengi walidhani safari hii ni zamu yake. Akapata asilimia 8. Siku chache kabla ya kura, yeye mwenyewe aliwaambia wafuasi wake kwamba anayeona Cutler hawezi kushinda ampigie mwingine, na King, aliyekuwa akimuunga mkono, akahamia kwa mgombea wa Democratic. Wapiga kura waliomchagua 2010 hawakuwa wamebadili maoni juu ya Cutler. Walikuwa wameona matokeo ya mara ya kwanza, wakaogopa kuyarudia.

Hofu hiyo ndiyo inayowafanya wenzako wakucheke, na si hofu ya kijinga. Katika mfumo ambao mwenye kura nyingi zaidi anashinda hata kama hajafika nusu, kura kwa mgombea wa tatu haimzuii usiyemtaka. Watu wa Maine waliitafutia dawa. Mwaka 2016, kwa kura ya maoni ya wananchi, walipitisha utaratibu ambao mpiga kura huwapanga wagombea: wa kwanza, wa pili, wa tatu na kuendelea. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, wa mwisho huondolewa, na kura za waliompa nafasi ya kwanza huhamia kwa waliyemweka wa pili. Utaratibu huu ulionekana ukifanya kazi mwaka 2018 katika wilaya ya pili ya ubunge wa taifa. Bruce Poliquin wa Republican aliongoza hesabu ya kwanza kwa kura kama 2,000 dhidi ya Jared Golden wa Democratic. Walikuwapo pia wagombea wawili binafsi, ambao kwa pamoja walikuwa na asilimia 8 hivi. Kura zao zilipogawanywa kwa chaguo la pili, Golden akavuka nusu na kushinda. Waliowachagua wale wawili hawakutupa kura. Wao ndio walioamua nani aende Washington.

Lakini dawa hiyo haitumiki kila mahali, na hapa ndipo jibu la swali lako la mwisho lilipo. Katiba ya Maine inasema gavana na wabunge wa jimbo huchaguliwa kwa wingi wa kura tu, hata kama mshindi hajafika nusu, na majaji wa Mahakama ya juu ya jimbo walitoa maoni mwaka 2017 kwamba utaratibu wa kupanga wagombea haupatani na maneno hayo. Kwa sababu hiyo unatumika katika michujo ya vyama na katika uchaguzi wa wabunge wa taifa, maseneta wa taifa na rais, lakini hautumiki katika uchaguzi mkuu wa gavana wala wa bunge la jimbo. Miji ina taratibu zake: Portland humchagua meya wake kwa kupanga wagombea tangu 2011 na imeupanua utaratibu huo hadi kwa madiwani, ilhali miji mingine mingi ya Maine haina. Kwa maneno mengine, kama jirani yako angekuwa anagombea udiwani wa Portland, ungemweka wa kwanza kwa moyo mweupe na kumweka wa pili yule unayedhani anaweza kushinda. Kwa Seneti ya jimbo unayo alama moja tu, na wa tatu akishindwa alama hiyo haihamii kwa mtu.

Ningekushauri basi ufanye hesabu ndogo kabla ya Novemba. Ofisi ya Katibu wa Jimbo hutoa matokeo ya kila uchaguzi kwa kila mji. Tazama kiti hicho cha Seneti kilichukuliwaje katika chaguzi mbili zilizopita. Ikiwa chama kimoja hushinda hapo kwa asilimia 60 au zaidi, kura yako kwa mzee haitamzuia wala kumsaidia mtu mwingine yeyote, na unaweza kumpa kwa kuwa unamwamini, ukijua kwamba inaingia katika takwimu atakazozisoma yeye, na watakazozisoma wapinzani wake pia. Ikiwa vyama viwili vimekuwa vikipishana kwa kura mia chache, na wewe una sababu nzito ya kutotaka mmoja wao ashinde, wenzako wana hoja, nawe huna haja ya kuona haya kwa kuwasikiliza. Tazama pia namna anavyogharimia kampeni. Maine, tangu kura ya maoni ya 1996, ina mfuko wa umma kwa wagombea wa jimbo, wawe na chama au wasiwe nacho, mradi wakusanye idadi iliyowekwa ya michango ya dola 5 kutoka kwa wapiga kura wa eneo lao. Mgombea anayeshindwa kuwapata majirani wa kumchangia dola 5 kila mmoja hajafanya kazi ya kutosha. Aliyewapata ana orodha ya watu halisi, na hiyo ni dalili nzuri kuliko mabango.

Kuhusu fomu, itie sahihi ukipenda hata leo, kisha umwombe mzee akueleze kwa mtaa alizipata wapi kura zake za mara iliyopita, na kwa nini anadhani Seneti inafikika kuliko udiwani. Akikujibu kwa mitaa na hesabu, msikilize hadi mwisho.